Sengu Yetu ya Chuoni

Mwezi uliopita tulikutana Mbinga mjini, sisi tuliobaki wa darasa letu la ualimu, wanaume vitambi, wanawake miwani, kila mmoja akimwambia mwenzake hujabadilika hata kidogo, uongo mtupu. Tulikula, tukasali, tukapiga picha. Halafu dada mmoja kijana, anayefundisha sasa pale chuoni petu na ndiye aliyetukaribisha, akasimama na kuuliza kwa adabu kama yupo anayeukumbuka ule mwaka wa msiba. Watu wakatazama sahani zao. Mimi mdomo ninao, sijawahi kuuficha, nikasema naukumbuka vizuri, ila siuiti mwaka wa msiba. Msiba ulikuwa wa wiki moja. Miezi iliyofuata tulishinda. Bosco, aliyekaa mbele yangu, akacheka mpaka akakohoa. "Truda," akasema, "wewe hata mazishini utahesabu magoli." Yule dada akaniomba niyaandike, kwa sababu kati ya wanafunzi anaowalea leo wamo wanaotumia dawa za akili, na hajui aanzie wapi kuwasaidia. Nikamwomba ruhusa Bosco palepale, maana naye yumo. Meki nilimwandikia ujumbe kwenye simu. Akajibu: "Andika. Usinipambe." Basi sitampamba.

Chuo chetu kilikaa juu milimani, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka mjini, na kati ya Novemba na Aprili ukungu uliingia hadi bwenini bila kubisha hodi. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho, chenye kitanda kimoja cha ghorofa na dirisha ambalo kioo chake kilizibwa kwa boksi la sabuni. Mimi nililala juu, Meki chini. Jina lake kamili ni Mektilda, mtoto wa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, na baridi ya milimani ilimshangaza kila asubuhi kama kitu kipya. Alivaa soksi mbili mbili, akalala na kofia ya sufu, na alipotusimulia kwao alisimulia joto tu: mchanga unaounguza nyayo, usipa, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juu ya vichanja, watu wanaooga ziwani jioni na kusengenyana humohumo majini. Nilijua ana dawa. Alizimeza akiwa amegeukia ukuta, harakaharaka, kama mtu anayeiba sukari. Nilipomuuliza mara ya kwanza alisema ni za presha. Msichana wa miaka ishirini na moja! Miezi ilipita ndipo akaniambia mwenyewe kwamba tangu kidato cha nne anasikia sauti za watu wasiokuwepo, mwanamke na mwanaume, wakimsema yeye, na kwamba dawa za kliniki ya afya ya akili huko mjini huzituliza mpaka zinakuwa kama redio ya jirani. Unaisikia, lakini unaweza kuendelea na kazi yako.

Nilikuwa waziri wa chakula katika serikali ya wanafunzi. Cheo kilikuwa kikubwa kwa jina. Kazi yenyewe ilikuwa kugombana na wanaotaka kuongezewa maharage. Mabenchi ya bwalo letu yalikuwa yamevunjika mengi na paa lilivuja, kwa hiyo kila mtu alipanga foleni kwenye dirisha la jikoni, akapokea ugali wake, akaenda kula kitandani. Sikuona ubaya. Bwalo lilibaki safi, na mimi nilisifiwa kwa usafi mbele ya chuo kizima. Leo nikiikumbuka ile sifa naona aibu mpaka masikioni.

Mwishoni mwa Januari mwenzetu wa mwaka wa pili, Otmari, alijitoa uhai. Namna sisemi, haimsaidii mtu. Alikuwa mpole, fundi wa kuchora ramani ubaoni bila kutazama kitabu, na hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia akilalamika. Siku tuliyorudi kutoka makaburini, Mama Kapinga, mpishi wetu mkuu, alinikuta bombani naosha masufuria. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. "Waziri," akasema, "yule kijana hakuja dirishani siku nne. Mimi nilidhani ameenda kwao. Wewe ulidhani yuko wapi?" Sikuwa nimedhani chochote. Nilikuwa nimehesabu sahani, zikapungua moja, nikafurahi kwamba maharage yametosha. Nimezeeka na jambo hilo, na sitarajii kulizoea.

Siku mbili baadaye nilikuwa zamu ya kuchambua maharage. Nilikaa juu ya gunia nyuma ya jiko, na ukuta wa pale ulipakana na ofisi ya Mkuu wa Chuo, ukuta wa tofali moja ambao ulitunza siri kama chandarua kinavyotunza maji. Mkuu alikuwa na walimu wawili watatu ndani.

"Wako watatu wanaokwenda kliniki ile," nikamsikia akisema. "Mektilda, Bosco, na yule Yustina wa mwaka wa kwanza. Warudi makwao."

"Otmari hakuwa anakwenda kliniki yoyote," akasema mwalimu mmoja wa kike.

"Ndiyo maana naogopa zaidi. Kama tusiyemjua amefanya hivi, hawa tunaowajua je? Waende wakapone. Wakileta barua kwamba wamepona kabisa, nitawapokea kwa mikono miwili."

"Mtihani ni Mei, Mkuu."

"Nimezika mtoto wa watu wiki hii, mwalimu. Siziki wa pili." Nikasikia kiti kikiburutwa.

Simsemi vibaya. Alikuwa mtu mwema aliyeshikwa na hofu. Lakini mkubwa akiogopa, wadogo ndio wanaofungasha. Nilipanda bwenini nikamweleza Meki yote, neno kwa neno. Alikuwa anakunja soksi. Aliendelea kuzikunja mpaka zikaisha. "Kupona kabisa," akasema. "Barua hiyo ataniandikia nani? Hata nesi wa kliniki hawezi." Halafu akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyoniingiza katika mambo yote haya. "Truda, mimi nikishuka Lundo bila cheti, sipandi tena huku. Watanipeleka kwa waombezi, watanikataza dawa, na ukifika mwaka kesho mimi ndiye nitakayekuwa kichaa wa kijiji. Kila kijiji kina mmoja. Kwetu nafasi hiyo iko wazi." Alisema bila chozi. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa hasira, na yeye akanipa soksi moja nijifute.

Kesho yake alfajiri nilikwenda jikoni kabla ya uji. Mama Kapinga alikuwa anakoroga, na kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. "Nyie watoto mnakula kama kuku, kila mmoja na kona yake. Sisi Wamatengo zamani tulikuwa na sengu. Unaijua?" Nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu, kama mambo ya mababu. Akanieleza huku akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Wanaume wote wa ukoo walikusanyika kwa babu, kila nyumba ikaleta chakula, wakala pamoja, na palepale wakasemezana na kuamua mashauri. "Asipokuwepo mmoja, mkono hauingii kwenye ugali mpaka ijulikane yuko wapi. Akiwa mgonjwa, anafuatwa. Akiwa amenuna, anafuatwa pia."

"Na wanawake, Mama?"

"Wanawake tulipika, tukasikiliza nyuma ya ukuta." Akanitazama. "Kama wewe jana."

Jumamosi nilitembea mpaka mjini kumtafuta Nesi Hyera wa kliniki, mwanaume mfupi mwenye pikipiki inayosikika kabla hajaonekana, na Jumatatu tukaingia ofisini kwa Mkuu watatu: mimi, yeye na Mama Kapinga aliyevua aproni kwa heshima ya siku hiyo.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba. Waziri, umekuja kwa habari ya chakula?"

"Ndiyo, Mkuu," nikasema, na haukuwa uongo.

Nikamweleza kwamba tunataka kulirudisha bwalo, watu kumi kumi kwenye sinia moja, na hakuna anayeanza kula kabla kumi hawajatimia. Nikamweleza kwamba asiyeonekana atafuatwa na wawili papo hapo, na tukamwomba wale watatu wasirudishwe makwao. Akasikiliza akinywa chai. Aliporudia lile sharti lake la barua ya kupona kabisa, Nesi Hyera alikitazama kile kikombe. "Mkuu," akasema taratibu, "chuo kizima kinajua chai yako haitiwi sukari. Ugonjwa huo umepona, au unautunza?" Nilidhani tutafukuzwa. Mkuu akakisukuma kikombe pembeni. "Mpaka Mei," akasema. "Lakini sikilizeni vizuri. Siku mmoja wa hao watatu akikosa mlo mmoja, hajulikani aliko, wote watatu wanapanda gari. Sitaki mjadala." Tukakubali mbio, kabla hajabadili mawazo.

Nilikubali bila kuwauliza wenyewe. Jioni nilipowaambia, Yustina akatazama chini kama kawaida yake, Meki akauma mdomo, na Bosco akasema, "Hongera, waziri. Umetupangia kufungwa wote kwa kosa la mmoja." Bosco alikuwa na sonona. Ilikuwa ikimshika wiki tatu nzima asiweze hata kuvua viatu, kisha inamwachia anarudi na utani wake kana kwamba alikuwa safarini. Hata hivyo ndiye aliyetafuta misumari. Alikusanya vijana wakayatengeneza mabenchi siku mbili, wakagongea bati penye matundu, na Alhamisi tukala bwaloni kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na chuo kile.

Siku za mwanzo zilikuwa na aibu. Watu walitafuna kimya. Siku ya tatu Meki akaweka pakiti yake ya dawa mezani, kando ya chumvi, akaomba maji. Bosco akatia mkono mfukoni akatoa zake. "Zako za njano, zangu nyeupe," akasema. "Mwenye nyekundu ajitokeze tufungue duka." Watu wakacheka, na kile kicheko kikafungua kitu. Tangu hapo wale watatu walimeza dawa mbele yetu, na sisi wengine tulijimiminia maji tukanywa pamoja nao, ikawa desturi, mpaka asiyekunywa maji akawa ndiye anayeulizwa kulikoni. Ijumaa tulipata usipa, na Meki alitufundisha kuwala na vichwa vyao, akatucheka sisi watu wa mlimani tunaotoa macho ya samaki kana kwamba yatatuona. Wiki ya pili Yustina akatamka sentensi yake ya kwanza: "Mimi jana sikulala." Hakuna aliyemshauri lolote. Mama Kapinga alikuwa anapita na upawa, akamwongezea mboga. Kesho yake kijana mmoja mkubwa, mcheza mpira, ambaye hakuwa kwenye orodha ya kliniki yoyote, akasema hajalala tangu Otmari azikwe. Akasema chumba chao kilikuwa kimoja. Nilikuwa sijui. Alipanda pikipiki ya Nesi Hyera Jumatatu iliyofuata, na alikwenda mwenyewe, hakusukumwa.

Laiti ningeishia hapo ningejisifu bila kipingamizi. Lakini mwezi wa Machi nilikosea. Nyakati hizo ndipo milimani kwetu watu huchimba ngolo kwa ajili ya maharage, na chuo kilikuwa na shamba lake kwenye mteremko mkali uliotazama kanisa. Kwa asiyejua, ngolo ni hivi: wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, miraba miraba, kisha wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunikia. Unabaki na mashimo yaliyozungukwa na matuta, mlima mzima, na mvua ikishuka inakaa mashimoni badala ya kuondoka na shamba. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na kwetu haina msamaha. Asiyeshika jembe siku ya ngolo ni mgeni au mgonjwa wa kufa. Nilijua hivyo tangu utotoni, na bado, kwa upendo wangu wa kijinga, nilimwambia mwalimu wa shamba amwondoe Meki kwenye zamu. Nilimwambia asichoshwe. Nilimwondoa na kwenye kufagia, na kwenye kuteka maji. Nilimfulia hata soksi. Wiki sita nikamtunza kama yai, na sikuona kwamba anazidi kuwa kimya mezani, na kwamba sasa anajibu maswali baada ya kusubiri kidogo, kama anayesikiliza kwanza mtu mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Tulikuwa shambani chuo kizima, Meki amekaa juu ya mteremko na ndoo ya maji ya kunywa, kazi niliyompa mimi. Chakula kikaletwa kulekule, masinia yakawekwa kwenye nyasi. Nikahesabu meza yetu. Tisa. Ndoo ilikuwepo, kikombe kilikuwepo, Meki hakuwepo. Nilimwona Otmari mbele yangu kama alivyokuwa akichora ubaoni, na nikaona na lori la chuo limewashwa, Bosco na Yustina juu yake na mabegi. Wawili tukaondoka kwa mujibu wa sheria yetu, mimi na Bosco, tukikimbia kwenye matuta tuliyotoka kuyachimba, tukiyabomoa. Bosco hakutania hata mara moja. Tulivuka kijito, tukapanda upande wa pili, na pale kwenye shamba la bibi mmoja ambaye hatukumjua tukamkuta Meki ameinama na jembe, jasho linamtoka, udongo mpaka magotini. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa chini amenyoosha miguu, anakula muwa.

"Shikamoo Bibi," tukasema kwa pumzi za mwisho.

"Marahaba wajukuu. Huyu ni wenu? Mashimo yake yamepinda yote. Wa Ziwani, eti? Lakini ana nguvu. Mwacheni amalize mstari."

Nikamwambia Meki kwa ukali kwamba ameniua, kwamba sinia linamsubiri, kwamba wenzake watafukuzwa kwa ajili yake. Alisimama akaegemea mpini. Sijawahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. "Mgeni siku mbili," akasema, "siku ya tatu mpe jembe. Si ndivyo mnavyosema? Mimi mmenifanya mgeni wiki sita. Nimekaa pale juu na ndoo kama picha ya mtakatifu, na zile sauti zinaniambia, unaona, hata wao wameshakuzika. Na mimi nikaona kweli. Huyu bibi ameniita binti, akanipa jembe, hajaniuliza kitu." Akafuta pua kwa mkono wenye udongo. "Tangu nianze kuchimba hazijasema." Nikakaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kumwokoa, na kumbe mimi ndiye niliyekuwa namzamisha. Nikamwomba radhi mbele ya Bosco na mbele ya yule bibi, na bibi akasema tukimaliza kuombana radhi tumsaidie kubeba majani.

Tuliporudi Mkuu wa Chuo alikuwa amesimama kwenye sinia letu. Alikuwa ameletewa habari. Wanafunzi saba waliobaki pale walikuwa hawajagusa ugali, wamekaa wameuzunguka, na meza za jirani nazo zimeacha kula. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Tulikubaliana," akaniambia.

"Ndiyo, Mkuu. Tulikubaliana akikosekana."

"Amekosekana."

"Amekosekana, na tumejua kabla ugali haujapoa." Sikushusha sauti. "Shika, Mkuu. Bado wa moto. Otmari alikosekana siku nne na mimi nikasifiwa kwa usafi. Huyu tumemkosa tukamfuata, na tumemkuta kwenye kazi. Kosa ni langu, nilimnyang'anya jembe. Ukitaka mtu wa kupanda gari, nipandishe mimi."

Mkuu akamgeukia Meki, akamuuliza jambo ambalo kwa miezi yote ile hakuna mkubwa aliyekuwa amemuuliza mwenyewe. "Mektilda, unaumwa?"

"Naumwa, Mkuu," akasema Meki. "Sauti zipo. Dawa zinazipunguza, kazi inazipunguza, na kula na hawa kunazipunguza. Haziishi. Na hazijui majibu ya mtihani, ningekuwa nimeshawaambia wenzangu." Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kicheko, akajizuia. "Nitaumwa nikiwa huku na nitaumwa nikiwa Lundo. Naomba niumwe nikiwa na cheti."

Mkuu alimtazama, akaitazama mikono yake ya udongo. Kisha akakunja mikono ya shati, akaomba maji ya kunawa, akakaa kwenye nyasi na suruali yake ya kitambaa. "Sasa tumetimia kumi?" akauliza. Yustina, ambaye kwa kawaida hakusema, akasema tumezidi, kumi na mmoja. "Basi tuleni," akasema Mkuu, na akamega. Kuanzia siku ile Meki alichimba, akafagia, akateka maji na kununa kama sisi sote, na mashimo yake ya ngolo yaliendelea kupinda mpaka mwisho.

Mtihani wa Mei ulianza siku ya mvua nyembamba. Nesi Hyera alikuwa ameandika barua, na msimamizi alikubali Meki akae kiti cha mwisho, karibu na mlango, aweze kutoka kunywa maji. Karatasi ya kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi. Mimi nilikuwa namalizia kunyoosha sketi yangu nilipomwona mama mmoja kwenye baraza la ofisi, miguu imejaa tope jekundu, kando yake kapu na blanketi kubwa la kijivu lililokunjwa. Nikamwamkia. Akasema ametoka Lundo, ametembea mpaka Mbamba Bay, akasubiri lori siku mbili kwa sababu ya barabara, na amekuja kumchukua mwanawe. Akanionyesha barua. Ilikuwa na mhuri wa chuo, ya wiki ile ya mazishi. Mkuu alikuwa ameshaandika kabla hatujamfikia, akaanza na wa mbali, akampa dereva mmoja aliyekuwa anateremka Ziwani. Barabara ikakatika, dereva akaiacha parokia njiani akarudi, barua ikalala huko miezi mitatu, na Mkuu akajiaminisha kwamba imepotea.

Nilimkimbilia Mkuu. Alipoiona ile karatasi uso ulimshuka. Mama hakupandisha sauti hata kidogo. "Baba Mkuu, mhuri huu si wako?" "Ni wangu, Mama." "Basi naomba mtoto wangu mgonjwa." Mkuu akamwambia mtoto yuko kwenye mtihani. Mama akauliza mgonjwa anafanyaje mtihani, na Mkuu akasema, "Nami niliuliza hivyohivyo." Akavuta kiti akakaa naye. Nilipoitwa kuingia nami chumba cha mtihani niliwaacha pale, wanatazama mvua, na kwa saa tatu nilijibu maswali ya saikolojia ya mtoto nikiwa na roho mkononi, maana kutoka pale nilipokaa niliweza kuona upande mmoja wa lile blanketi. Nilikuwa nimeshaelewa la nini. Lilikuwa la kumfunikia njiani, watu wasimwone.

Saa tano tukatoka. Meki alikuja na wino vidoleni, anabishana na Bosco kuhusu swali la nne, akamwona mama yake, akasimama.

"Mama. Umefuata nini?"

"Nimeitwa kuchukua mgonjwa."

"Mgonjwa ni mimi, Mama," akasema Meki. "Ila nina mtihani mwingine saa nane."

Mama alimtazama toka juu mpaka chini, akamgeuza, akamtazama mgongoni kama anayekagua kitambaa. Kisha akalikunjua lile blanketi, akalitandika barazani, akafungua kapu. "Kaa ule," akasema. "Na hawa wenzako wakae." Tukakaa. Alikaa nasi mpaka Ijumaa, akilala chumbani kwetu na kumsaidia Mama Kapinga kuwapika usipa kwa namna ambayo Mama Kapinga hakuikubali. Jumamosi asubuhi alikuwa amefunga kapu, lakini hakuondoka. Alikwenda ofisini, nami nikamfuata kumtafsiria pale Kiswahili chake kilipokwama, kwa lugha ya kwao niliyookota kwa Meki.

"Baba Mkuu," akasema, "mimi sijui kusoma. Ile barua yako ya kwanza alinisomea katekista, akaisoma kanisani mbele ya watu wote, kwa nia njema, ili wamwombee. Lundo yote inangoja nishuke na kichaa. Niandikie ya pili."

Mkuu akachukua kalamu. "Niseme amepona?"

"Usiseme amepona. Watasema hakuwa anaumwa, nilikuwa nadanganya. Andika kwamba anaumwa, anameza dawa, na mtihani amefanya wote. Halafu gonga mhuri, ule ule."

Mkuu aliandika kurasa mbili. Mama akanipa nimsomee, akanisimamisha mara mbili ili jina la ukoo liongezwe, akasubiri wino wa mhuri ukauke kabla ya kuikunja. Katekista aliisoma Jumapili iliyofuata, palepale alipoisoma ya kwanza, na Meki anasema mama yake alisimama muda wote wa kusomwa ili watu wajue ni ya nani. Matokeo yalipotoka Meki alikuwa amefaulu kutupita wote, Bosco amefaulu, na mimi nimeponea chupuchupu. Akapangiwa shule ya Lundo, kijijini kwake. Siku aliyoshuka kutoka kwenye lori, kabla hajaonyesha cheti kwa mtu yeyote, watoto waliokuwa wakicheza barabarani walimpokea begi na kumwambia, "Shikamoo Mwalimu."